Baiskeli ya mtoto ya mtumba kutoka Japani: inafaa Mtwara, ukiinunua kwa kipimo cha mtoto wa leo

Nyumba nyingi za Mtwara zina mtu nje. Mama yuko Muscat, baba mdogo yuko London, na watoto wako kwa bibi Chikongola au Magomeni. Wengine wanakaa huko huko na wazazi wao na kushuka nyumbani likizo. Ikikaribia likizo, au mtoto akimaliza darasa vizuri, swali la kwenye simu ni lile lile: tumtumie nini? Mara nyingi inatumwa tableti. Haina uzito kwenye begi, na mtoto anatulia. Lakini mtoto wa miaka saba ambaye ametulia ndani kuanzia asubuhi hadi magharibi, na jua lipo na wenzake wako nje, anapoteza umri ambao haumrudii.

Ninachotathmini hapa ni baiskeli ndogo za mtumba za Kijapani, zinazouzwa kwenye mabanda ya mitumba Mtwara mjini, Lindi na Masasi, nyingi zikiwa zimepitia Dar. Nazilinganisha na zile mpya za watoto za madukani, zenye rangi kali na vigurudumu vya pembeni. Kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na moja, ya Kijapani iliyokaguliwa vizuri inaishinda mpya ya bei ile ile, na inaishinda mbali. Nina masharti mawili. Iwe saizi ya mtoto alivyo leo, na isigeuzwe chombo cha kazi za nyumbani.

Nianze na kinachoifanya iwe bora. Baiskeli ya Kijapani ya mtoto hutengenezwa kwa ajili ya kutumika kila siku, mvua na jua. Cheni yake huwa na kava linaloifunika karibu yote, kwa hiyo gauni la shule, kanzu ya madrasa na kamba ya kiatu havinaswi. Mbele ina kikapu, nyuma ina madigadi yanayofika chini, na stendi inasimama kweli. Majina kama Bridgestone, Miyata na Panasonic yakionekana kwenye fremu ni dalili njema, ila fremu isiyo na jina kubwa nayo inaweza kuwa nzima, hivyo usilipie jina peke yake. Stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na namba iliyobandikwa kwenye bomba la siti ni ya usajili wa kule wa kuzuia wizi, haina shida yoyote. Kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma likiwa halina ufunguo, hakikisha muuzaji amelikata au amelifungua kabisa kabla hujalipa. Likijifunga njiani mtoto ataanguka.

Ringi ni jambo lingine. Nyingi za Kijapani ni za aluminiamu, na nyingi za mpya za bei ya chini ni za chuma kilichopakwa kromu. Karibu na bahari tofauti hiyo ni kubwa. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, uiguse kwenye ringi. Ikinasa ni chuma, na kwa Shangani au Mikindani ringi ya chuma itaanza kutoa kutu kwenye matundu ya spoku mapema sana. Zaidi ya kutu, breki ya mpira inateleza vibaya kwenye kromu iliyolowa.

Halafu valvu. Tyubu nyingi za Kijapani zina valvu ya aina ile ile ya Phoenix za watu wazima tulizozizoea, yenye kimpira chembamba ndani. Kila fundi anayekaa chini ya mwembe na pampu anacho. Baiskeli iliyotoka Uingereza huwa na valvu kama ya gari, nayo haina taabu, unajaza popote wanapojaza pikipiki. Ile nyembamba ndefu ya baiskeli za mashindano ya Ulaya ndiyo ya kuikimbia, pampu zetu nyingi hazishiki.

Kimpira hicho ndicho chanzo cha lawama nyingi zisizo na msingi. Mtu ananunua baiskeli, asubuhi anakuta tairi limelala, anasema ameuziwa tyubu mbovu. Mara nyingi tyubu ni nzima. Kimpira kimekaa miaka kwenye joto la kontena na ghala, kimekauka na kupasuka. Fungua nati ndogo ya valvu, vuta kile kisindano cha chuma, utakiona kimpira kimeganda kama ganda la kitunguu. Kivue, weka kipya cha urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kiloweshe kwa mate kiteleze, hakikisha kimefunika kitundu cha upepo kilicho ubavuni, rudisha, kaza nati. Badilisha vyote viwili siku ya kwanza bila kusubiri viharibike. Kipimo cha upepo hakisomi sawasawa kwenye valvu hizi, kwa hiyo pima kwa macho: mtoto akikaa, tairi linatakiwa kutanuka kidogo pale linapogusa chini, ringi isikaribie ardhi. Kwenye mchanga wa mitaa ya Mtwara punguza kidogo, tairi gumu linazama na kumchosha mtoto bure.

Saizi ndiyo inayoharibu zawadi hii kuliko kitu kingine. Mwenye pesa yuko mbali, hajamwona mtoto mwaka mzima, na anataka pesa yake idumu, basi anasema nunua kubwa, ataikulia. Mtoto wa miaka sita anapewa ya inchi 24, yaani kipimo cha gurudumu. Anapanda kwa kukanyaga kokoto, anaendesha akiwa amesimama na mguu mmoja umepenya chini ya bomba, hawezi kusimama bila kuruka. Akianguka mara mbili tatu baiskeli inakuwa ya mjomba. Huyu mtoto anahitaji mchezo mwaka huu, wakati bado ana miaka sita. Akifika kumi na mbili atakuwa na mengine ya kumshughulisha.

Usipime kwa umri. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, mpe daftari gumu alibane katikati ya miguu hadi juu kabisa, kama amekalia siti, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Namba hiyo mtumie anayekwenda sokoni kwa ujumbe wa simu, naye aende na futi. Kwa anayeanza kujifunza, siti ikishushwa hadi mwisho isizidi kipimo hicho, ili nyayo zote mbili zikae chini bapa. Anayejua tayari anaweza kuzidishiwa sentimita tano au sita, aguse chini kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Kwa makadirio, inchi 16 humfaa mtoto wa urefu wa sentimita 100 hadi 115, inchi 20 wa 115 hadi 130, na inchi 22 wa 120 hadi 140. Lakini futi kwenye siti ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu fremu za inchi zile zile hutofautiana.

Inchi 22 ni saizi ambayo Wajapani wanaipenda sana kwa watoto wa shule, na utaikuta nyingi kwenye mtumba. Ni nzuri kuendesha, na tatizo lake ni tairi. Likiisha, kulipata Mtwara ni kazi, na hata Dar huenda ukazunguka. Hali ni hiyo hiyo kwa inchi 18. Ukinunua saizi hizo, angalia tairi ziwe na meno ya kutosha, au nunua na ya akiba pale pale kama kontena moja limeleta mbili. Kwenye inchi 20 kuna mtego mwingine. Soma ubavuni mwa tairi. Iliyoandikwa 20 x 1.75 na iliyoandikwa 20 x 1 3/8 haziingiliani, ingawa zote zinaitwa inchi ishirini. Ya pili ina ringi kubwa zaidi, na tairi ya kwanza haiwezi kuvaa hapo hata fundi akalazimisha kwa spana mbili. Ya 1.75 ndiyo ya kuchagua: ni pana, inaelea vizuri kwenye mchanga, na inapatikana. Mfano huo uko pia kwenye inchi 16.

Ukaguzi bandani unachukua robo saa, na usikubali kuharakishwa. Igeuze juu chini. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye shingo ya usukani, upande wa chini karibu na kiungio. Ukihisi rangi imejikunja kama mawimbi au kuna ufa mwembamba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, iache hata kwa bei ya kutupa. Tazama uma wa mbele kutoka ubavuni. Ukiwa umerudi nyuma kuelekea pedali, hadithi ni hiyo hiyo. Zungusha kila gurudumu uangalie pengo kati ya ringi na mpira wa breki, au weka kidole kiwe alama. Kuyumba kwa milimita mbili tatu fundi atainyoosha ringi kwa kukaza spoku, kuyumba kwa kugusa huku na huku ni ringi iliyopinda. Bana spoku mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote: zote ziwe na mkazo unaokaribiana, na inayocheza kama uzi imelegea au imekatika kwenye kitovu cha gurudumu.

Irudishe kwenye magurudumu. Shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ikigonga kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea. Hiyo si sababu ya kuikataa, ni ya kupunguziwa bei, kwa kuwa grisi na kukaza ni kazi ya dakika chache. Fanya hivyo pia kwenye mkono wa pedali, ukiuvuta kuelekea kwako na kuusukuma. Mlio wa mchanga ndani maana yake gololi zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zipakwe grisi mpya. Cheni ikibonyezwa katikati icheze sentimita moja au moja na nusu. Ikizidi itachomoka, na ikiwa imekaza kama waya itakula gia. Tairi zilizopasukapasuka ubavuni kwa jua, hata zikiwa na meno mapya, zihesabu kama zimekwisha.

Na mwisho wa usukani. Mipira ya kushikia ikiwa imechanika hadi bomba likatokeza, usimpe mtoto aendeshe hata mita kumi kabla ya kubadilisha. Akianguka usukani ukageuka, mdomo wa bomba unamchoma tumboni kwa nguvu ya mwili wake wote, na unaweza kuumiza ini, wengu au kongosho bila kuacha jeraha kubwa nje. Mtoto aliyepigwa na usukani tumboni akabaki analalamika maumivu, anatapika au amepauka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni usukani wa baiskeli.

Breki nitaziongelea kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo mtoto anayetoka nchi za nje anapoumia.

Ya Kijapani huwa na breki mbili za mkono. Mkono wa kulia unashika mbele, wa kushoto unashika nyuma. Nyuma mara nyingi ni breki ya mkanda: ngoma ndogo ya chuma kwenye kitovu cha gurudumu, na mkanda unaoibana ukivuta. Mtoto anayeishi Uingereza hatapata taabu. Kule nako wanaendesha kushoto mwa barabara, na breki zimepangwa hivyo hivyo. Anayetoka Ujerumani au Uholanzi ni tofauti kabisa. Baiskeli za watoto wa kule mara nyingi husimama kwa kurudisha pedali nyuma, na mwili wa mtoto umeshazoea. Marekani pia, kwa baiskeli ndogo ndogo. Akitokea mbuzi ghafla, miguu inarudi nyuma yenyewe, na kwenye Kijapani hakuna kinachotokea, pedali zinazunguka hewani tu. Huko wanaendesha pia upande wa kulia, kama Oman. Kwa hiyo mtoto huyu ana mambo mawili ya kusahau kwa pamoja, na wewe unayempokea unaona tu anaendesha vizuri uani, unamwachia geti.

Mpe siku mbili tatu za kazi moja tu. Chora mstari kwenye mchanga, aje kwa mwendo wa kawaida, asimame kwa mkono wa kushoto kabla ya mstari, miguu ikiwa imetulia kwenye pedali. Baadaye aongeze wa kulia taratibu. Rudia hadi ukipiga makofi ghafla, vidole ndivyo vinavyotangulia. Hakikisha kwanza vidole vyake vinafika kwenye mkono wa breki. Mingi ya Kijapani ina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani, igeuze kwa bisibisi. Avute kwa vidole viwili na baiskeli isimame kabla mkono haujagusa mpira.

Breki ya mkanda ina tabia ya kupiga kelele kama filimbi ikiloa au ikizeeka. Kelele pekee haina madhara. Kosa linalofanyika kila siku ni kuinyunyizia oili inyamaze. Inanyamaza kweli, na haishiki tena. Mkanda ulioloa oili hausafishiki ukarudi ulivyokuwa, unabadilishwa. Mwambie fundi kwa mdomo wako kabla hajaanza kazi: cheni weka, ngoma ya nyuma usiguse.

Kwa anayeanza, vigurudumu vya pembeni sikushauri kununua, na hiki ndicho kivutio kikubwa cha zile mpya. Vinamzoesha mtoto kuegemea upande usiofaa kwenye kona, na kwenye mchanga kimoja kinazama, kingine kinaelea, baiskeli inalala. Toa pedali badala yake. Ufunguo ni spana namba 15. Ya kulia inafunguka kama nati yoyote, ya kushoto ina uzi wa kinyume. Ili usichanganyikiwe, weka spana isimame juu ya pedali, kisha ivute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili zitafunguka hivyo, na zitafungwa kwa kuvuta kuelekea mbele. Pedali ya kushoto iliyolazimishwa inaharibu uzi wa mkono wake, na mkono wenyewe ni wa kuutafuta.

Shusha siti hadi nyayo zikae bapa, mpeleke mtoto kwenye udongo mgumu wenye mteremko mdogo, kama kiwanja cha shule jioni. Asukume kwa miguu, kwanza kama anatembea, halafu ainue yote miwili ateleze. Baiskeli ya kwanza kabisa ya Karl Drais, Ujerumani mwaka 1817, ilikuwa hivi, haina pedali, na watoto wa kule bado wanaanzia hapo. Akiweza kuteleza mita kumi bila kugusa chini na kukata kona, rudisha pedali. Usimshike usukani wala siti ukikimbia nyuma yake. Kama lazima umshike, shika mabega au mgongo wa shati, ili mizani aitafute mwenyewe. Wengine wanapata kwa jioni chache, wengine likizo nzima, na hakuna haja ya kumlinganisha na binamu yake.

Sasa wapi aendeshe. Ujerumani, sheria inamtenga na magari mtoto asiyefikisha miaka 8, anaendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu. Japani anaruhusiwa hapo hadi afikishe 13. Uholanzi, watoto wa miaka 11 au 12 hufanya mtihani wa kuendesha barabarani wakiwa bado shule ya msingi. Nchi hizo hazimharakishi mtoto kwenda kwenye lami. Sisi njia za waenda kwa miguu hatuna nyingi, lakini mitaa ya ndani yenye mchanga tunayo, ambayo magari yanapita taratibu, pamoja na viwanja vya shule na nyua kubwa za ukoo. Barabara ya kwenda Mikindani na ile ya uwanja wa ndege zina malori na bodaboda, mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili asizikaribie peke yake. Kumtuma dukani kwa baiskeli kuvuka lami kwa sababu "sasa ameshajua" ni kumkuza kabla ya wakati wake.

Aliye nje akiuliza atume nini, mwambie helmeti. Baiskeli anunue huku, kusafirisha kitu kikubwa hivyo ni gharama isiyo na sababu. Helmeti ya mtoto iliyo mpya na yenye kipimo sahihi ndiyo ngumu kuipata hapa, na ni nyepesi kwenye begi. Pima kichwa kwa utepe sentimita moja juu ya nyusi kuzunguka, mtumie namba. Atafute alama ya kiwango cha usalama, EN 1078 akiwa Ulaya, au CPSC akiwa Marekani. Ya mtumba usinunue kabisa. Povu lililopata pigo moja halilindi tena hata kama nje linang'aa, na huwezi kujua limepitia nini. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda iungane chini kidogo ya sikio, na kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu. Jambo moja la huku kwetu: mtoto akishuka baiskeli, helmeti ivuliwe kabla hajapanda mwembe au mkorosho. Kichwa chenye helmeti kikinasa kwenye matawi, mkanda unaweza kumnyonga. Kwenye begi hilo hilo aweke mipira ya breki ya mbele jozi mbili na waya za breki mbili.

Chumvi na mchanga vinataka utaratibu, na bahati nzuri ni kazi ambayo mtoto wa miaka minane anaifanya mwenyewe na kuifurahia. Baiskeli ikipita ufukweni, imwagiwe ndoo ya maji ya kisima au ya bomba siku hiyo hiyo, bila kuelekeza maji kwa nguvu kwenye vitovu na shingo, ikaushwe kwa kitambaa. Cheni ikikauka, tone moja la oili kwa kila kiungio, izungushwe, kisha ifutwe hadi isiache weusi mwingi kwenye kidole. Oili chafu ya pikipiki iliyomwagwa kwa wingi, kama inavyopendwa na mafundi wengi, inakamata mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Wageni wa Julai na Agosti wanakuta kusi na ukavu, vumbi ndilo adui. Wa Desemba wanakuta mvua zinaanza, hapo grisi mpya kwenye vitovu iwe imeshawekwa. Isilale nje. Siti na mipira ya Kijapani inapasuka haraka kwa jua letu.

Sharti la pili nililolitaja ni gumu kulitamka kwenye nyumba zenye shida ya maji, hasa kule juu Newala na Tandahimba. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, karibu uzito wa mtoto mwenyewe wa miaka sita au saba. Keria ya baiskeli ya mtoto imewekwa kwa begi la shule. Ukifunga dumu hapo, uzito wote unakaa nyuma ya kitovu, mbele panakuwa pepesi, usukani unayumba, na breki iliyopimwa kwa mtoto peke yake haitoshi kwenye mteremko. Spoku za nyuma zinaanza kukatika upande wa cheni, moja baada ya nyingine. Msimu wa korosho hali inakuwa hivyo hivyo kwa viroba vya shambani. Kama nyumba inahitaji baiskeli ya kubebea maji, na nyingi zinahitaji kweli, inunuliwe ya mtu mzima yenye keria ya chuma na spoku nene, iendeshwe na mtu mzima. Mtumaji aliye nje aulizwe waziwazi ni ipi kati ya hizo analipia. Moja ikifanya kazi zote mbili, mchezo ndio unaokatwa kwanza.

Kuhusu zile mpya, nitakuwa mfupi. Zinang'aa, na mtoto akiiona siku ya Idi au Krismasi anaruka. Lakini nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani gololi zikiwa karibu kavu bila grisi, mikono ya breki ni ya plastiki inayopinda ukivuta, na uzito unakaribia au kupita kilo 10 kwa saizi ya 16, zaidi ya nusu ya mtoto wa miaka mitano. Ukiwa umeshainunua, mpe fundi aifungue vitovu na shingo aweke grisi, akaze spoku zote na nati zote kabla mtoto hajapanda. Ikifanyiwa hivyo inasogea karibu na ya mtumba, ingawa breki zake zitabaki dhaifu.

Bei sitaji, hubadilika kila mzigo. Kinachosaidia ni kuweka kando pesa ya fundi na ya vifaa tangu mwanzo: vimpira vya valvu, waya za breki, grisi na mipira ya usukani. Anayesafirisha kwenda Masasi au Newala kwa basi ageuze usukani usawa na fremu, atoe pedali, aifunge cheni kwa gunia, na avue kikapu, maana kwenye buti hicho ndicho kinachopondwa kwanza.

Mtoto anakua, siti inapandishwa. Kwenye bomba la siti kuna mstari uliochongwa unaoonyesha mwisho wa kulivuta. Mstari ukionekana nje ya fremu umepita kiasi, bomba linaweza kuvunjika au kupasua fremu. Siti ikifika hapo na magoti bado hayagusi usukani kwenye kona, baiskeli ina msimu mmoja zaidi. Yakigusa, apewe mdogo wake, na kabla ya kumpa vimpira vya valvu vibadilishwe upya na siti ishushwe hadi mwisho.